Mgongo wa Sista Notburga

"Sista alimgeuzia mgongo mwanamke anayekufa, na ninyi mnawabebea masista maharage." Ndivyo alivyosema Ditram, mtoto wa binamu yangu, Jumapili iliyopita, hapa hapa uani kwangu, debe la maharage ya jumuiya likiwa katikati yetu na kikombe cha togwa yangu mkononi mwake. Nikamuuliza, Ditram, uliyaona? Akasema, "Shangazi, mimi sikuyaona, lakini Mzee Mbunda aliyaona kwa macho yake mawili, na Mzee Mbunda hakuwa mtu wa uongo."

Ni kweli. Mzee Mbunda hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa babu yake mama yangu, na alichokisema alikiona. Ndiyo maana ugomvi huu umekaa katika ukoo wetu miaka karibu tisini, upande wa Ditram wakisema sista hakuwa na huruma, upande wetu wanawake tukinyamaza. Mimi ugomvi wa nyumba hii naujua wote, wa mashamba, wa mahari, na ule wa mbuzi aliyeliwa msibani. Lakini huu ndio pekee niliokuwa na jibu lake nikakatazwa kulisema. Leo nalisema. Kaeni vizuri, wanangu, na wewe mtoto acha kuchezea hayo maharage.

Imepokewa kwa wanawake wa nyumba yetu, mama kwa binti, kwamba zamani za Mwingereza, kabla ya vita ile ya pili, masista walikuja kwenye misheni yetu hii ya milimani kutoka ng'ambo. Walipanda meli wakiwa na afya, wakashuka pwani, kisha wakatembea kwa miguu majuma mengi mpaka huku juu kwenye baridi. Wengine hawakufika. Waliofika walijua kwamba makwao hawatayaona tena, maana wakati ule mtawa akiagwa bandarini ameagwa kama maiti. Mmoja wao aliitwa Sista Notburga. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, mtoto wa wakulima wa milima ya huko kwao, na alipoona wanawake wetu wanalima mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia mvua isibebe udongo, kwenye mteremko aliomba jembe, akalima shimo moja, likabomoka, wakamcheka. Akalima la pili.

Huyu ndiye aliyepewa ufunguo wa zahanati. Alisafisha vidonda vya buba ambavyo hata ndugu wa mgonjwa walivikimbia kwa harufu. Lakini palikuwa na jambo moja hakulifanya. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, Sista Notburga alitoka nje. Wakubwa wa Kanisa huko ng'ambo walikuwa wameweka kanuni kwamba mtawa mwenye nadhiri hazalishi, wala haingii chumba cha uzazi. Kwa nini, msiniulize mimi. Wao waliona ni kulinda usafi wa nadhiri. Sista aliandika barua kuomba ruhusa, akajibiwa hapana. Akaandika tena, akajibiwa hapana fupi zaidi.

Wanawake wetu hawakuijua kanuni hiyo. Walichokiona ni mtu mzima anayeogopa uzazi, wakamtania kisimani. Mkunga wetu alikuwa Bibi Nakinunda, mwanamke mrefu wa ulimi mkali, aliyewapokea nusu ya watu wa mlima huu. Sista alikwenda kwake kumfundisha kuchemsha maji, kunawa mpaka kwenye viwiko, kukata kitovu kwa wembe uliopita kwenye moto. Nakinunda alimsikiliza, kisha akamwambia, "Mwanangu, unanifundisha kupika chakula ambacho wewe mwenyewe hukionji." Sista alicheka na wale waliocheka, akarudia somo la kunawa. Nakinunda akanawa, kwa kumwonea huruma tu, alisema.

Basi ikaja siku ya Oswina. Oswina ni bibi yangu mzaa mama, mke wa mtoto wa Mzee Mbunda. Uchungu ulimkaa siku mbili nzima na mtoto hashuki. Alfajiri ya siku ya tatu Mzee Mbunda na wanawe walimlaza kwenye machela wakambeba kwa zamu, mlima kushuka, mlima kupanda, mvua inanyesha, Nakinunda anatembea pembeni ameshika mkono wake. Walipofika misheni wakakuta Pateri, padre wa misheni, yuko safari kwenye vigango vya mbali, na Mama Mkuu wa masista amekwenda misheni ya pili, atarudi kesho kutwa. Hakuna wa kuombwa ruhusa. Yuko Sista Notburga peke yake, na sista kijana wa jikoni anayelia.

Wakamwingiza Oswina katika kibanda cha matete nyuma ya zahanati. Nakinunda akaingia naye. Wanaume, kama desturi yetu ilivyo, wakabaki mbali kwenye uzio. Naye Sista Notburga akasimama nje ya kibanda, akaegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa matete, uso ameuelekeza bondeni, ili asione lililo ndani. Kanuni ilisema asiingie, naye hakuingia. Kwa sauti ya chini akawa anauliza kupitia matete, na Nakinunda anajibu. Mtoto amelala vipi? Amekaa mshazari. Mlaze mama kwa ubavu. Sukuma pale, subiri, sukuma tena.

Mzee Mbunda kule kwenye uzio hakusikia neno hata moja. Mvua ilikuwa inapiga majani ya migomba. Aliona mkwe wake yuko ndani anakufa, na mwanamke mwenye dawa zote za misheni amesimama nje anatazama bonde. Alisimama pale mpaka saa nne, kisha akawaambia wanawe wamfuate, wakatafute watu wa kuchimba kaburi. Akaondoka. Shikeni hapo, wanangu. Akaondoka na mgongo ule machoni mwake, na ushahidi wake wote unaishia hapo.

Alipokwisha kuondoka, sauti ya Nakinunda ilitoka kwenye matete, na safari hii haikuwa na utani. Akasema vidole vyake vimekufa ganzi, siku mbili hajalala, na mtoto akimgeuza anarudi alikokuwa. Sista akaanza kumwelekeza tena. Nakinunda akamkatiza.

"Sista, mgongo wako hauna mikono."

Bibi yangu Oswina alisema aliyasikia maneno hayo kama mtu aliye chini ya maji. Akasema alisikia maji yakimwagika nje. Kisha akaona mwanga, maana mkeka wa mlangoni uliinuliwa. Sista Notburga alikuwa amevua pete yake ya nadhiri na kuiweka juu ya jiwe la kizingiti, amekunja mikono ya joho lake, amenawa mpaka kwenye viwiko. Akapiga magoti. Hakusema kitu kwa Kiswahili. Labda alisali kwa lugha yao, labda alihesabu. Mikono yake ilikuwa mifupi na yenye nguvu, mikono ya mtu wa jembe, na ilimgeuza mtoto yule taratibu kama unavyogeuza kiazi ardhini usikichubue. Kabla ya adhuhuri mama yangu alizaliwa. Alikuwa wa bluu, akapuliziwa, akalia.

Mzee Mbunda alirudi na wanawe, na wanaume wawili wenye majembe, akakuta kilio cha mtoto, Nakinunda amekaa mlangoni, na sista yuko nje amewapa mgongo, ananawa. Nani alikuwa wa kumweleza? Kwetu jambo la nyumba ya uzazi halitoki ndani ya nyumba ya uzazi. Mwanaume haambiwi nani alishika nini. Mzee akafurahi, akaagiza mbuzi jike mmoja apelekwe kwa Nakinunda, naye Nakinunda akampokea na uso mkavu kabisa. Baadaye alimburuta mbuzi yule mpaka mlangoni kwa sista kwa njia ya nyuma. Sista akamrudisha, akasema ana maziwa mazuri, amtunze.

Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza, maana huo wa kwanza ulikuwa wa saa chache tu. Nakinunda alimwambia sista, tena kwa upole, "Mtoto nimemtoa mimi. Mikono yangu. Oswina hatasema, mimi sitasema, na mwanaume hatauliza. Wewe vaa pete yako." Alikuwa anampa sitara yetu ya kike, ile ile tunayopeana sisi kwa sisi, na aliitoa kwa mapenzi. Sista alimshukuru, akavaa pete yake, na siku mbili alifanya kazi kimya. Siku Mama Mkuu aliporudi, hata viatu vya safari hajavivua, Sista Notburga alikwenda akapiga magoti mbele yake.

Haya yalisikiwa na yule sista kijana wa jikoni, naye miaka mingi baadaye alimwambia Oswina.

"Mama, nimevunja kanuni. Nimezalisha."

"Nani alikuona?"

"Mwenyezi Mungu. Na wanawake wawili ambao hawatasema."

"Kwa hiyo kama usingekuja, nisingejua mpaka nakufa."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nimekuja. Na nimekosa mara mbili. Nilisimama nje asubuhi nzima nikamwacha anateseka, hilo ninalijutia. La pili ni mikono. Hilo nalikiri, lakini kujuta siwezi, na sitakudanganya kwamba naweza."

Mama Mkuu alikuwa mtu wa sheria, lakini moyo wake haukuwa mbaya. Akamuuliza kama siku nyingine angefanya vile tena.

"Ningefanya tena, Mama. Na ningekuja tena kukuambia."

Mama Mkuu akainama, akavua viatu vyake vya safari. Kisha akanyoosha mkono, akaomba ufunguo wa zahanati. Akamwambia barua itakwenda kwa wakubwa ng'ambo, na huenda jibu likawa ni kumrudisha kwao. Mpaka lije, atafanya kazi ya bustani. Sista akautoa ufunguo mfukoni, akambusu mkono, akaenda kwenye kabichi.

Watu wakaona. Mwenye dawa jana, leo anapalilia kabichi na kubeba samadi ya nguruwe. Basi wakatunga yao, mnatujua tulivyo. Mmoja akasema kaiba kwinini. Mwingine akasema kamuua mtu. Upande wa Mbunda wakasema, haya, wenyewe wamemwadhibu kwa kumpa mgongo mkwe wetu. Yakamfikia sista. Angeweza kusema neno moja tu na Mzee Mbunda angekuja kumpigia magoti. Lakini neno lile lingetoa siri ya uzazi ya Oswina nje, na lingemfanya Mama Mkuu aonekane katili mbele ya watu wake. Akalimeza. Nakinunda ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikwenda bustanini akiwa na hasira, akamwambia, "Hawa wanakutafuna, na wewe unapalilia." Sista akamjibu kwamba kabichi nazo zinahitaji mtu.

Lakini msidhani alikuwa amekata tamaa. Mwanamke yule alikuwa kama jiwe la kusagia, ametulia, na bado anasaga. Alikwenda kwa Mama Mkuu na ombi moja. Akauliza kama kanuni inamkataza kuongea. Mama Mkuu akasema atafikiri. Akafikiri siku tano. Siku ya sita akamwita, akamwambia, "Kanuni inakataza mikono yako. Juu ya mdomo wako sijaona ilipoandika kitu."

Siku ile ile sista alishona mtoto wa vitambaa, akamjaza maganda ya mahindi, akachukua kikapu cha mianzi akakikata tundu. Katikati ya kabichi, mchana kweupe, akawaita wanawake. Wakaja kwanza kucheka. Nakinunda alicheka kuliko wote, alipomwona yule mtoto ana pua. Kisha sista akamweka mtoto mshazari ndani ya kikapu, akafunika na kanga, akamwambia Nakinunda amgeuze bila kutazama. Nakinunda akajaribu, mtoto akarudi alikokuwa. Kicheko kikaisha. Walijifunza kila Alhamisi, wanawake wanane, mpaka kikapu kikachakaa wakasuka kingine. Sista alishika vitambaa tu. Mwanamke mwenye mimba hata tumbo hakumgusa.

Barua ikaja baada ya miezi kumi na moja. Ilisema anaweza kubaki, ila akiingia tena chumba cha uzazi, apande meli ya kwanza. Aliisoma amesimama, akaikunja, akarudi kwenye mche aliokuwa anaupanda.

Mwaka wa tatu, ilikuwa mchana, mke wa mtoto mwingine wa Mzee Mbunda aliletwa kwenye kile kibanda cha matete. Mambo yalikuwa yale yale, mtoto mshazari. Nakinunda akaingia na wawili wa wale wanane. Mzee Mbunda, nywele zake sasa nyeupe, akasimama kwenye uzio ule ule. Akatazama bustanini, akamwona Sista Notburga kati ya kabichi amepiga magoti, amewapa mgongo. Aliwaambia wanawe, "Mnaona? Mara ya pili."

Na alisema kweli tena. Ila Nakinunda alipochungulia nje kupumua, yeye alimwona sista kwa upande wa mbele. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya maji ya moto na sabuni. Joho amelikunja. Amenawa mpaka kwenye viwiko, na mikono ameiinua juu ili isiguse udongo, maji yanachirizika. Pete haipo kidoleni. Nakinunda alielewa. Mwanamke huyu anangoja aitwe, na akiitwa atakuja, na kesho atajisema mwenyewe, na meli itamchukua. Nakinunda aliushusha mkeka wa mlangoni haraka. Maana sasa mle ndani palikuwa na roho mbili za kuokoa, na bustanini palikuwa na ya tatu.

Akarudi ndani, akawaambia wenzake wawili, hatumwiti. Wakamgeuza mtoto. Alirudi. Wakamgeuza tena, mmoja akishikilia kwa nje kama walivyofundishwa kwenye kikapu, wakangoja, wakasukuma, wakangoja. Mtoto akashuka. Mwanaume, mkubwa, anapiga kelele kama amedhulumiwa. Na mtoto yule, wanangu, ndiye aliyekuja kumzaa baba yake Ditram.

Kule kwenye kabichi Sista Notburga alisikia kilio. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni, akavaa pete yake, akamwaga maji yale kwenye miche, akashika jembe.

Mwaka mmoja baadaye habari ilifika kwamba wakubwa huko Roma wameilegeza kanuni, na masista wa misheni wanaruhusiwa sasa kujifunza ukunga na kuzalisha. Mama Mkuu alishuka bustanini yeye mwenyewe, viatu vikizama kwenye tope, akampa ufunguo. Hawakuongea mengi. Nakinunda ndiye aliyeongea, akamwambia sista karibu jikoni, sasa utaonja. Wakafanya kazi pamoja mpaka Nakinunda alipokufa. Sista Notburga alikaa huku milimani miaka thelathini na moja, na yuko pale makaburini nyuma ya kanisa, chini ya msalaba wa saruji. Kwao hakurudi.

Oswina alimsimulia mama yangu kisa hiki siku mama alipozaa mara ya kwanza. Mama akanisimulia mimi siku nilipozaa, mlango umefungwa. Kimetembea hivyo, ndani ya nyumba za uzazi tu, na kila aliyekipokea aliambiwa asikitoe nje. Nami nimekishika mpaka nimezeeka. Lakini siri tuliyomvisha iwe sitara yake imegeuka jiwe la kumpigia, na mimi sikubali. Kama nimekosa kwa kuisema, nitaulizwa na Oswina huko niendako, na nitamjibu.

Wanangu, kutii ni kuzuri na huruma ni nzuri, na iko siku Mwenyezi Mungu anakuweka mahali ambapo huwezi kuvishika vyote viwili. Siku hiyo fanya lililo la haki, kisha uende mwenyewe ukaseme ulilofanya, ukalipe gharama yake bila kumtupia mwingine. Wengi wetu tunaweza nusu moja. Tunatenda tukaficha, au tunaogopa tukajiita watiifu. Subira ya sista yule ilikuwa na mikono iliyonawa.

Basi kisa hiki kichukueni mwende nacho. Wasimulieni wake zenu, na wanaume nao, mlango ukiwa wazi. Lakini mkisimulia msimpunguzie chochote mkidhani mnamheshimu. Semeni kwamba alimpa mgongo Oswina asubuhi nzima, maana ni kweli na yeye mwenyewe alilikiri. Kisha semeni kwamba aligeuka.